Mradi wa kumtua Mheshimiwa: kutoka mikononi hadi kitandani bila kumwamsha

12 Januari, wiki ya sita

Naandika haya ili atakayepata mtoto baada yetu asianzie sifuri. Lengo la mradi ni moja tu: Mheshimiwa akishalala mikononi, awekwe kitandani kwake na aendelee kulala. Hatutafuti alale usiku kucha. Tumbo la mtoto wa umri huu ni dogo, lazima aamke kunyonya, na anayetaka kumzuia anatafuta ugomvi na maumbile. Sisi tunachotaka ni kula kwa mikono miwili.

Hali ilivyo leo: mikononi analala fofofo, mdomo wazi, mate yanamchuruzika mbebaji hadi kwenye kiwiko. Ukimsogeza kitandani anakodoa macho kabla kisogo hakijagusa godoro, na hapo ndipo unapogundua kwamba kumbe ni wewe uliyekuwa umesinzia.

Kitanda chenyewe kina godoro gumu, bapa, linaloenea fremu bila kuacha mwanya, na shuka moja lililobanwa pande zote. Hakuna mto, hakuna blanketi, wala yule mwanasesere mwenye masikio marefu ambaye dada mtu anamsukumia ndani kila tukigeuka. Mtoto analazwa chali, usiku na mchana. Haya hayamo kwenye majaribio. Ni ya usalama wake akiwa usingizini, yalishaamuliwa, na hata mtu aje na njia tamu namna gani hayatabadilishwa.

Timu: mimi, mama mtoto, bibi mzaa mama, na dada mtu mwenye miaka minne. Kila mmoja ana nadharia yake. Ya bibi ni kwamba mtoto anachoka kwa kutazamwa.

16 Januari: kichwa au makalio

Tulikuwa tunamshusha jinsi mtu yeyote angemshusha, kichwa na mgongo kwa pamoja, mikono imenyooshwa mbele. Matokeo yalikuwa yaleyale kila safari: mikono ya mtoto inaruka pembeni, vidole vinachanua, halafu anajikunja na kuangua kilio. Ni mwitiko wa kuzaliwa nao. Daktari wa watoto Ernst Moro aliueleza mwaka 1918 na hadi leo unaitwa kwa jina lake. Kichanga akihisi kichwa kinakwenda chini ghafla, mwili unajibu kwamba anaanguka, na hakuna maneno matamu yatakayomshawishi vinginevyo. Hufifia wenyewe, kwa kawaida kati ya miezi minne na sita, lakini hatuna subira hiyo.

Kilichosaidia ni kutomtenganisha na kifua. Unainama naye akiwa amekugandamana hadi karibu mtu mzima mwenyewe aingie kitandani. Yanagusa makalio kwanza, halafu mgongo, kichwa mwisho kabisa, kikiwa bado kiganjani. Kwangu tatizo ni mbavu, maana ukingo wa kitanda unachoma. Kwa mama mtoto tatizo ni urefu: hafiki. Alipanda kigoda, kigoda kikalia, mtoto akajibu. Sasa kigoda kimevalishwa soksi za zamani miguuni na kimenyamaza.

Baki ya tatizo ni mkono ulio chini ya kisogo. Usiuvute. Bonyeza godoro kwa mgongo wa kiganja ili lishuke kidogo, kisha telezesha mkono pembeni. Kabla hatujalijua hili nilinaswa usiku mmoja, nikaona heri nipige magoti palepale nisubiri. Mama mtoto aliponikuta alfajiri, magoti sakafuni, kichwa nimekiegemeza kwenye ukingo, alidhani nasali. Akaondoka kwa kunyata ili asinikatize.

Gharama: saa ya mkononi haivaliwi tena ndani ya nyumba, kwa sababu kamba yake inakwangua.

24 Januari: kuharakisha

Hili ndilo lililotutafuna muda. Mtoto akifumba macho tulikuwa tunamkimbiza kitandani saa ileile, kumbe bado yuko kwenye mang'amung'amu. Vichanga huanza na usingizi mwepesi: kope zinatetemeka, anatabasamu bila sababu, anaguna, anavuta midomo kunyonya ziwa lisilokuwepo. Karibu nusu ya usingizi wao wote ni wa namna hii. Ukimtua hapo unamtua mtu aliye macho nusu. Kipimo chetu: inua mkono wake, uachie. Ukidondoka kama kitambaa kilicholowa, safari inaweza kuanza. Ukibaki umekaza, endelea kutembea.

Ndiyo, kutembea, si kubembea kitini. Mwaka 2022 watafiti wa taasisi ya RIKEN ya Japani, akiwemo Kumi Kuroda, walichapisha kazi yao kwenye jarida la Current Biology baada ya kupima mapigo ya moyo ya watoto waliokuwa wakibebwa na mama zao. Pendekezo lao: mtoto anayelia mbebe utembee naye dakika 5 bila kusimamasimama, na akilala kaa naye kwanza dakika 5 hadi 8 ndipo umlaze. Jambo jingine waliloliona lilitushangaza zaidi. Moyo wa mtoto haushtuki anapogusa godoro, bali pale mwili wake unapoanza kuachana na mwili wa anayembeba. Kwa hiyo lile godoro tulilolilaumu mwezi mzima halikuwa na hatia.

Kutembea kulikwenda vizuri. Njia yetu ni mlangoni hadi dirishani na kurudi, gizani. Bawaba za mlango zilipakwa mafuta. Vitu vya kuchezea viliondolewa, isipokuwa tofali moja la plastiki ambalo nililipata kwa unyayo. Nilisema yote niliyotaka kusema kwa kupanua mdomo tu, bila sauti. Dada mtu, aliyekuwa amesimama mlangoni muda wote, akauliza kwa sauti yake ya mchana: "Baba, unaimba?"

Sehemu ya kukaa ndiyo iliyotushinda. Dakika nane gizani kwenye kiti, kitu chenye joto kifuani, baada ya wiki nane bila usingizi, hakuna mzazi anayezimaliza akiwa macho. Nilianza kukoroma dakika za mwanzoni, na mama mtoto alipochungulia alikuta mimi nimelala na Mheshimiwa macho makavu, ananisikiliza. Akanikung'uta bega. "Baba, wa kulala ni yule mdogo." Jambo lenyewe si la kuchekea sana, maana mtu mzima kupitiwa na usingizi kitini au kwenye kochi akiwa na kichanga ni hatari kweli, mtoto anaweza kuteleza au kubanwa. Kwa hiyo sheria mpya: anayekaa na mtoto usiku ana mwenzake aliye macho, na kama wote wamechoka kupita kiasi, dakika nane zinafutwa na mtoto anawekwa kitandani kwake hata kama atalia.

6 Februari: shuka la baridi

Nadharia ya mama mtoto: kutoka kwenye kifua chenye joto hadi kwenye shuka la baridi, hata yeye angelia. Tulijaribu chupa ya maji ya moto. Inalazwa kitandani wakati mtoto ananyonya, kisha inaondolewa kabisa na shuka linapapaswa kwa kiganja kabla hajaguswa nalo. Ilifanya kazi, ila inahitaji mtu wa tatu: mmoja amembeba, mmoja anaondoa chupa, mmoja anamshika dada mtu anayetaka kuibeba chupa.

Badala yake mama mtoto akachukua shuka safi la kitanda cha mtoto, akalilalia yeye mwenyewe usiku mmoja, kisha tukalitandika na kulibana vizuri. Vichanga humtambua mama kwa harufu tangu siku zao za mwanzo. Mchana ule tulimlisha, tukamcheulisha, tukatembea naye, mkono ukadondoka, nikaingia naye chumbani kwa kunyata. Kitandani alikuwemo mtu. Dada mtu alikuwa amejikunja mle ndani, magoti yamefika kidevuni, shavu limegandamizwa kwenye shuka, amelala usingizi ambao sisi tumeutafuta tangu Desemba. Hakuna aliyekuwa na moyo wa kumwamsha. Mheshimiwa alilala mikononi mwangu hadi alipoamka mwenyewe, na mimi nikala kwa mkono mmoja.

Marekebisho: shuka mbili za namna ileile, moja ikiwa ya dada mtu kitandani kwake. Hakurudi tena kwenye kitanda cha mdogo wake.

20 Februari: mvua

Tulishachoka kusema "shhh" hadi kizunguzungu. Sauti ya mfululizo isiyo na maneno huwatuliza vichanga wengi, na kule walikotoka hakukuwa kimya hata kidogo: damu ya mama inapita, moyo unadunda, tumbo linanguruma. Nikapakua sauti ya mvua kwenye simu, nikaiweka mbali na kitanda, sauti chini.

Jaribio la kwanza. Mheshimiwa ametuliwa, amelala. Nikatoka kinyumenyume, nikafunga mlango, nikakaa mezani. Ghafla bibi, aliyekuwa akisinzia chumba cha pili, akapita mbele yetu mbiombio akielekea nje. Akarudi na nguo zote za kwenye kamba zimejaa kifuani, zinachuruzika maji kwa sababu tulikuwa ndiyo kwanza tumezianika, akizimwaga kwenye kiti huku akitugombeza kwa sauti ambayo ukuta haukuizuia: "Mvua yote hii, nyinyi mmekaa tu!" Nje jua lilikuwa linawaka.

Mama mtoto alicheka hadi akalazimika kwenda chooni kucheka huko. Mheshimiwa aliamka.

Jaribio lililofuata bibi alikuwa amearifiwa, na akaenda kwake. Mvua ikaanza, mtoto akalala, na katikati ya mvua simu ikaita kwa mlio wake mkubwa kuliko yote. Alikuwa bibi. Nikapokea huku nimembeba mtoto anayelia, naye akauliza kwa upole kabisa: "Mwanangu, amelala?"

Kwa atakayefuata: tumia simu kuukuu isiyo na laini, au washa hali ya ndege kabla ya kitu kingine chochote. Sisi tuliishia kwenye feni iliyoelekezwa ukutani. Haipigiwi na mtu.

Hapo hapo niandike pia habari ya vinyago vya kuning'inia vyenye muziki, ili asipoteze mtu. Vinazunguka vizuri, wimbo mtamu, mtoto anavitazama na kope zinashuka. Mwisho wa wimbo spring'i inatoa "tak!" moja, na tak ile inafuta kazi yote. Vimehamishiwa sehemu ya kubadilishia nepi, ambako vimeokoa maisha.

15 Machi: kufungwa nguo

Kwa ufupi. Tangu mwezi wa pili tulikuwa tunamfunga nguo laini, mikono ndani, nyonga zikiwa huru aweze kukunja miguu, na mishtuko ya Moro ikapungua sana. Wiki hii ameanza kujipindua ubavu. Dalili hiyo ikionekana tu, kumfunga mikono kunakoma siku hiyohiyo, kwa sababu akigeukia tumbo hana mkono wa kujisaidia. Tumehamia kwenye mfuko wa kulalia usio na mikono.

Athari: mikono iliyoachiwa huru haijui ni ya nani. Inampiga usoni, anaamka, anaitazama kwa hasira, inampiga tena. Hakuna dawa zaidi ya kukata kucha, na kucha zinakatwa akiwa usingizini, na hapa tunarudi kwenye mwanzo wa mradi. Mkono mmoja ulikatwa vizuri. Kwenye mkono wa pili mimi nikapiga chafya.

11 Aprili: kila kitu kimekufa

Ana miezi minne na kidogo. Makalio kwanza, dakika tano, shuka la mama, feni: hakuna hata kimoja kinachofua dafu. Anatulika vizuri, analala, na baada ya dakika arobaini hivi anaamka na kudai arudishwe alikokuwa.

Sababu inaeleweka. Kwenye umri huu usingizi wao hupangika upya, unakaribia kuwa na hatua za usingizi wa mtu mzima, na mwisho wa kila mzunguko wanaamka kidogo. Mtu mzima naye huamka hivyo usiku, anageuza mto na kuendelea bila hata kukumbuka asubuhi. Mheshimiwa alilalia kifuani, sasa anafungua jicho anaona dari. Nami ningepiga kelele.

Kwa hiyo tumelazimika kubadili lengo lenyewe: atuliwe akiwa amesinzia lakini hajalala, ili usingizi aupatie palepale atakapoamkia. Kwenye karatasi ni mstari mmoja. Kwa vitendo, mama mtoto alimweka, mtoto akalia, akambeba, akanyamaza, akamweka, akalia, hadi wote wawili wakalala, mmoja kitandani na mwingine sakafuni pembeni yake, mkono umepita katikati ya vyuma.

Aliyetuonyesha ni bibi. Alikuja kutuamkia, akatazama msafara wetu wa kutembea, kupima mkono, kuinama na kutoka kinyumenyume, akauliza: "Huyu mtoto mnamlaza au mnamzika?" Kisha akamchukua, akamlaza chali bila kuzima taa, akaweka kiganja kizima juu ya kifua chake, akaanza kuguna wimbo usio na maneno wala mwisho. Hakumtazama. Alikuwa anatazama dirishani. Mtoto akalalama kidogo, akaguna naye, akasinzia. Hapo ndipo nilipotazama mkono wa bibi kwa makini: aliondoa kidole cha mwisho kwanza, kisha kinachofuata, kimoja kimoja, hadi kikabaki kidole gumba, halafu na chenyewe kikapunguza uzito kabla ya kuondoka. Wale wa RIKEN walisema shida ni kuachana. Bibi anaachana kwa awamu.

"Umejifunzia wapi?" nikamuuliza.

"Kwa mkeo. Alikuwa mbaya kuliko huyu."

Mama mtoto hakupendezwa na rekodi hii kuandikwa. Imeandikwa.

26 Aprili

Njia ya bibi inafanya kazi mara nyingi, si zote. Mkono wangu ni mzito, inabidi niuegemeze kiwiko kwenye ukingo ili uzito wote usimwendee mtoto. Wimbo wa kuguna usiwe unaoupenda, ukiupenda utauimba.

Dada mtu amefungua mradi wake mwenyewe. Leo nilimkuta na mwanasesere mwenye masikio marefu. Akatembea naye mlangoni hadi dirishani. Akainua mkono wake, akauachia. Akakaa kitini, akakoroma kwa nguvu, akajikung'uta bega mwenyewe. Akaanza kuinama, katikati akasimama, akapanua mdomo wazi bila kutoa sauti, akashika unyayo. Alipomaliza akamlaza, akamwangalia, akasema, "Ameamka," akaanza tena. Sikujua kama nicheke au nimwombe radhi.

31 Mei, miezi sita

Hali ya sasa. Usiku analala kitandani kwake akiwekwa macho nusu, kwa kiganja cha mtu yeyote kati yetu. Mchana bado ni bahati nasibu, na kwenye mbeleko analala kila mara, jambo ambalo tumeacha kulipinga. Tunamlaza chali, naye anageukia tumbo mwenyewe na kurudi anavyotaka. Kwa kuwa anamudu pande zote mbili, hatumgeuzi tena.

Hitilafu iliyobaki ni sisi. Juzi alilala mfululizo kuliko usiku wowote tangu azaliwe. Tungeweza kulala. Badala yake nilikwenda kuhakikisha anapumua. Anapumua. Nikarudi, mama mtoto akauliza, "Umeona kifua kikipanda, au umesikia tu?" Sikuwa na hakika. Akaenda yeye, akakaa muda mrefu, akaona hakioni vizuri gizani, akaweka kidole chini ya pua ya mtoto. Mheshimiwa akafumbua macho, akatuona wote wawili tumemwinamia, akafurahi sana. Tulicheza hadi kunapambazuka.

Gharama kwa jumla: saa moja iliyowekwa kabatini, jozi ya soksi iliyo miguuni mwa kigoda, nguo za kufuliwa mara ya pili, na ukucha wa kidole cha mguu ambao ndiyo kwanza unaota.

Kazi inayofuata haiwezi kusubiri. Ameanza kukaa akishikiliwa, na kabla hajajifunza kujivuta kusimama, godoro lazima lishushwe hadi ngazi ya chini asije akapinduka juu ya ukingo. Skrubu nne, mbili zinafikika kwa ndani tu, na moja ina kutu, inalia. Haiwezi kufanywa akiwa amelala mle, na akiwa macho anataka bisibisi. Jumamosi bibi atatoka naye kwenye mbeleko, nami nitakuwa na muda wa matembezi yao kuimaliza. Yeyote anayeanza mradi huu leo, shusha godoro mapema kuliko sisi. Na mbavu zako ziandae, maana kutoka hapo kuinama ni kwa mbali zaidi.